Breki Mkono wa Kulia

Jumapili, 4 Mei

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako Bosi ametimiza mwaka na miezi miwili, ana meno saba na anayatumia yote. Anatembea akishika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini anangoja uongezwe.

Hujaniandikia tangu Januari. Nikimpigia simu Shangazi ananiambia wote wazima, halafu anasema uji wa watoto wa chekechea unafurika. Uji huo unafurika kila ninapopiga mimi. Wewe mwenyewe simu huisikii, miaka arobaini ya kugonga ringi za baiskeli imekula masikio, kwa hiyo narudi kwenye karatasi. Dereva wa kiwanda chetu cha uchapaji anapita kwenu Jumatatu na Alhamisi na magazeti. Amekubali kuwa tarishi.

Nina ombi kubwa, na nimelizungusha kichwani wiki nzima. Kuanzia tarehe mbili Juni tunachapa vitabu vya shule. Sisi wasahihishaji tutaingia asubuhi na kutoka jioni, hata Jumamosi, kwa miezi mitatu. Mume wangu bado yuko kwenye ujenzi wa daraja na harudi kabla ya mwisho wa mwaka. Jirani aliyekuwa akinishikia mtoto amehamia kwa mwanawe. Naomba nimlete Bosi kwako.

Nimeshapanga, usicheke. Shangazi anafungua chekechea alfajiri, na Bosi haamki kabla ya saa mbili. Wewe utamshusha saa tatu na kumrudisha saa saba. Shida ni ule mteremko wa kiwanda cha mbao, kokoto tupu, na mwisho wake ni barabara kuu. Bosi ana kilo kumi na moja na hapendi kubebwa tena. Kwa hiyo nataka kununua kigari cha kusukuma.

Nimekwenda dukani mara tatu. Kuna vya magurudumu manne na vya magurudumu matatu. Vya matatu vinapita vizuri penye mawe, lakini nikiviangalia naona vitaangukia ubavu. Muuzaji aliniambia kile kikubwa unaweza kukisukuma kwa kidole kimoja. Nikamwambia kitu kinachosukumika kwa kidole kimoja hukimbia pia kwa kidole kimoja. Tangu hapo akiniona anajifanya anapanga rafu.

Wewe ndiye fundi. Niambie nichague nini, nami nitafuata.

Binti yako

*

Jumatano, 7 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kimya changu nisamehe, kazi ilikuwa nyingi halafu ikawa chache, na yote mawili yanamnyima mtu barua.

Mlete Bosi. Hilo si ombi, hilo ni jambo lililochelewa. Nimekwisha kufagia chumba chako cha zamani na kuondoa matairi.

Sasa kigari. Chukua cha magurudumu matatu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu, cha miguu minne ndicho huchezacheza. Kinachoangusha kigari si idadi ya magurudumu, ni upana. Pima kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Yasipungue shibiri tatu zako, wewe una mkono mdogo. Tairi ziwe za upepo, si zile za plastiki ngumu zinazomtikisa mtoto mpaka meno saba yawe sita. Gurudumu la mbele wameliweka lizunguke huku na huku, ni zuri ndani ya duka. Kwenye kokoto likikamata jiwe linageuka lenyewe na kigari kinakwenda kinakotaka. Hakikisha kuna pini ya kulifunga lielekee mbele tu. Mkanda wa mtoto uwe wa ncha tano, upite na katikati ya miguu. Mpini uwe mmoja mrefu kutoka upande hadi upande, usiwe wa pembe mbili kama za mbuzi. Na kuwe na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kigari kikiponyoka kisiende mbali.

Breki ya mguu peke yake haitoshi kwa mteremko wetu. Nataka breki ya mkono kama ya baiskeli. Iwe upande wa kulia. Kulia, usisahau.

Utaona mwandiko unayumba. Meza imevunjika mguu.

Shangazi yako anakusalimu na uji wake.

Baba yako

*

Jumapili, 11 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma dukani nimesimama, mkono mmoja nimeshika karatasi, mwingine nikipima shibiri. Kile kikubwa kina shibiri tatu na vidole viwili. Tairi ni za upepo. Pini ya gurudumu la mbele ipo, nyekundu, naifunga kwa mguu. Mkanda una ncha tano. Kamba ya mkono ipo. Breki ya mkono haipo, lakini nyuma ya duka kuna fundi anayefunga vitu vya namna hiyo, ameniambia ataweka ya baiskeli kwa siku mbili.

Basi ningetulia, sivyo? Sikutulia. Nimekaa kitandani nikifikiria mambo ambayo sikuyaandika kwenye orodha. Je, ikinyesha na tairi ikiteleza? Je, mbwa wa kiwanda cha mbao akitoka? Je, jua likimpiga Bosi usoni, aanze kulia, wewe usisikie? Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu kusikia kweli husikii. Nikajijibu kwamba Bosi akilia hata ringi zako zitamsikia.

Halafu mwandiko wako. Baba, mimi nalipwa kwa kuangalia herufi. Herufi zako zote zimelala upande mmoja kama watu waliochoka safarini. Ni meza tu? Mgongo wako hauumi? Unakula?

Kazini mama mmoja wa chumba cha kufunga vitabu ameniambia ana binamu yake, mtu mzima, mtulivu, amelea watoto watano wa watu. Anaweza kuja kwangu kila asubuhi. Nimemwambia asante, mwanangu anakwenda kwa babu yake. Akasema, "Babu wa miaka sabini?" Nikamjibu kwamba babu huyo bado ananyanyua baiskeli ya mizigo kwa mkono mmoja. Lakini nikabaki na swali lake mpaka jioni.

Nijibu upesi. Ukinijibu nafanya kazi vizuri. Juzi nimeacha neno "mwalimu" lipite na l mbili, na msimamizi wangu akaniuliza kama naumwa.

Binti yako

*

Alhamisi, 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ina maswali mengi kuliko mtihani wa hivyo vitabu mnavyochapa. Nitajibu machache.

Ikinyesha hatutoki. Mbwa wa kiwanda cha mbao ana miaka kumi na mitatu, nikimpita ananisalimu kwa kufungua jicho moja. Jua litazuiwa na kifuniko. Mgongo hauumi. Nakula.

Mwandiko ni kidole. Nilikuwa nabandika kiraka cha tairi, kidole kikaungua. Kimefungwa kitambaa. Kitapona.

Huyo binamu wa mama wa vitabu mwambie akalee wa sita kwingine. Mimi nilikulea wewe tangu una miaka minne, mama yako alipofariki, na sikukuangusha hata siku moja, labda ile ya ngazi, na ngazi ilikuwa mbovu. Bosi nimemwona mara mbili tu tangu azaliwe. Mara ya pili alinilalia kifuani saa nzima na mimi sikuthubutu kukohoa. Usinipe miezi mitatu halafu uanze kuikata kama kitambaa.

Unapima kila kitu, vizuri, mwana wa fundi. Basi pima na urefu wa ile kamba ya mkono. Kitanzi kiweze kukazwa. Na breki, nimesema kulia.

Hapa nyumbani hakuna jipya. Nimeacha kuvaa mashati ya vifungo, navaa fulana, nimezeeka na vifungo vinanichosha. Kile kikombe cha bluu ulichoninunulia kilianguka. Usinitumie kingine.

Baba yako

*

Jumapili, 18 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole na kidole, na pole na kikombe. Nimesoma ile ya Bosi kukulalia kifuani mara nne. Nisamehe kwa kukukata kata.

Kigari kinakuja kesho kwenye lori la magazeti. Nimekikunja, nimekifunga kwa blanketi, na nimemwambia dereva asiweke kitu juu yake hata gazeti moja. Alinitazama kwa huruma. Ukikifungua, vuta ile sehemu ya kijivu katikati mpaka ilie, isipolia haijashika. Tairi nimezijaza upepo mwenyewe. Nimeketi ndani ya kigari pia, nusu ya mimi, na hakikuvunjika.

Kuna jambo moja nimelibadilisha, usikasirike. Fundi alipoanza kufunga breki kulia nilimwambia aihamishie kushoto. Najua kwa nini ulisema kulia. Ulikuwa unamfikiria Shangazi, au yeyote atakayeshika siku moja moja, kwa sababu watu wengi hutumia mkono wa kulia na wewe hujawahi kujipendelea. Lakini atakayesukuma ni wewe. Na wewe ni mashoto, Baba. Nyundo kushoto, kijiko kushoto, hata walipokusema vibaya. Uliponifundisha baiskeli kwenye mteremko huohuo, mkono uliokuwa nyuma ya kiti ulikuwa wa kushoto. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nikigeuka kuutazama, kisha naanguka.

Kwa hiyo breki iko kushoto. Ni zawadi yangu. Mkono ule ndio ninaouamini kuliko breki yenyewe.

Nitamleta Bosi Jumamosi tarehe thelathini na moja. Nimeanza kukunja nguo zake, nazikunja, nazikunjua.

Binti yako

*

Alhamisi, 22 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Kigari kimefika salama. Ni kizuri, umechagua vizuri. Ile sehemu ya kijivu ililia. Breki nimeiona iko kushoto. Ahsante.

Bado sijakijaribu. Nitakijaribu kabla hamjaja.

Baba yako

*

Jumapili, 25 Mei

Baba,

Shikamoo.

Mistari mitano. Nimeihesabu. Kwa breki ya baiskeli ya mteja ungeandika kurasa mbili. Umekasirika nimekiuka maneno yako? Au kigari kina kasoro na unaogopa kuniambia? Kama ni tairi, nalirudisha. Kama ni breki, sema tu neno moja, "hamisha," na fundi yeyote hapo mtaani ataihamisha kwa dakika kumi. Wewe mwenyewe ungeihamisha kwa dakika tano.

Nimempigia Shangazi. Uji ulikuwa haufuriki mara hii. Alisema tu, "Muulize baba yako," akakata.

Nakuuliza basi. Nimebakiza siku sita. Mama wa vitabu anasema binamu yake bado yupo. Sitaki kumsikia lakini namsikia. Leo Bosi ameachia ukuta. Hatua tatu, peke yake, na mimi badala ya kushangilia nikaogopa.

Niandikie chochote, hata kibaya.

Binti yako

*

Jumatano, 28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini kabla hujaendelea. Bosi yuko kwako, mtazame, kisha usome.

Tangu nianze ufundi sijawahi kumkabidhi mtu baiskeli ambayo sijaipanda mwenyewe. Kigari siwezi kukipanda. Kwa hiyo jana nilichukua gunia dogo, nikalijaza mchanga, nikalipima kwenye mizani ya kiwanda cha mbao mpaka likafika kilo kumi na moja. Nikaliketisha kwenye kigari na kulifunga mkanda, ncha zote tano. Ilinichukua muda mrefu sana, na nitakwambia kwa nini. Nikafunga pini ya gurudumu la mbele. Nikavaa kamba ya mkono. Nikateremka.

Hatua ishirini za kwanza zilikuwa nzuri, hakichezi, hakivuti upande. Penye lango la kiwanda mteremko unapozidi nikashika breki. Mkono haukukunja. Nikauamrisha tena. Nilikuwa nautazama, vidole viko juu ya breki kama vya mtu mwingine. Kigari kikanivuta nikaanguka magoti. Kamba ilikuwa kwenye mkono huohuo wa kushoto, kwa maana ndio pekee ninaoweza kuuvalisha kwa wa kulia, na mkono usiokunja ngumi hupita kwenye kitanzi. Ukapita.

Kigari kilishuka chenyewe, kimenyooka, jinsi nilivyotaka kinyooke. Kilivuka barabara kuu. Lori lilikuwa limepita muda mfupi kabla, vumbi lake lilikuwa bado halijatua. Kikaingia kwenye mtaro ng'ambo na kupinduka. Wanawake waliokuwa kituo cha basi walipiga kelele, watu wawili wakaruka mtaroni. Nilikuwa nakwenda nao lakini magoti yalikuwa mabaya. Nilipofika walikuwa wameshatoa kifuniko na kuona gunia. Wakacheka, mwanangu, walicheka mpaka wakashikana mabega, kwa kuwa walikuwa wameogopa. Mmoja akaniambia, "Fundi, mjukuu wako mzito." Mimi sikucheka.

Mwezi wa pili, siku ya Alhamisi, nilishika kile kikombe cha bluu kikaanguka. Nikainama kukiokota, nikaanguka mimi. Daktari wa zahanati alisema ni kiharusi kidogo, akataka niende hospitali kubwa. Nikasema nitakwenda. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, mkono haukurudi. Kidole hakikuungua, meza ina miguu yote minne, barua hizi naziandika kwa mkono wa kulia kama mtoto wa darasa la kwanza. Shangazi yako nilimwapisha asiseme. Usimgombeze, amekuwa akinifunga viatu miezi mitatu na kunibembeleza niseme.

Nilidhani nikiwa na breki kulia nitaweza. Na huenda ningeweza. Ilipokuja kushoto nilijaribu kuihamisha. Mkono mmoja wa kushika waya, mmoja wa kuvuta, mmoja wa kukaza nati, hesabu mwenyewe. Ningeweza kumwita kijana wa banda la pili. Lakini angejua, na mtaa ungejua, na wewe ungejua. Nikajiambia kubana breki si kazi, mkono utabana ukiona kuna sababu. Ndivyo nilivyojiambia, mimi niliyewafukuza wateja wangapi kwa kuniambia "itashika tu."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona mkono, waliona mzee na gunia. Nimekaa siku nzima na wazo hilo na limenitia aibu kuliko mkono wenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kingekuwa chako.

Usimlete Bosi. Mwite yule binamu. Kigari fremu yake haikupinda, ulichagua vizuri kweli. Nitakirudisha Alhamisi.

Nilitaka sana ile miezi mitatu.

Baba yako

*

Alhamisi, 29 Mei

Baba,

Shikamoo. Dereva amekubali kurudi kwenu usiku huuhuu kwa ajili yangu, anasubiri mlangoni na injini inanguruma, nimemwambia asiponingoja nitalala mbele ya tairi. Kigari alichokileta nimemwambia akirudishe kwako. Naandika haraka.

Nimesoma nikiwa nimemshika Bosi mpaka akalia kwa kubanwa. Nimeliona lile gunia kila mahali leo. Siwezi kuacha kuliona linavuka barabara, na kila mara silioni gunia.

Lakini kosa si lako peke yako, na nisipolisema leo sitalisema tena.

Barua yako ya tarehe saba Mei nilipoipokea niliiweka juu ya ile ya Januari, kwenye meza yangu ya kazi, chini ya taa. Baba, mimi naona nukta iliyokaa pembeni kwenye ukurasa wenye maneno mia nne. Barua ile haikuandikwa na mkono uleule. Sikuhitaji kuambiwa. Mashoto huburuza mkono juu ya wino, barua zako zote za maisha yangu zina ukungu wa wino ukingoni, na hii ilikuwa safi. Niliona. Kisha nikaziweka zote mbili kwenye droo na kuifunga, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumpa mtoto. Nilihitaji uwe mzima. Ukasema meza, nikasema sawa. Ukasema kidole, nikasema pole. Ukasema vifungo, ukasema kikombe, nikaendelea kukunja nguo.

Na breki. Nilikwambia ni zawadi. Fundi alikuwa ameshatoboa upande wa kulia, Baba, tundu lipo, liangalie. Mara mbili uliniandikia kulia. Mashoto haombi breki kulia mara mbili bila sababu. Niliihamisha kwa sababu ukiipokea na ukakaa kimya, basi mkono ni mzima na mimi naweza kwenda kazini. Nilikuwa nakupima bila kukwambia, na kipimo nilikiweka mahali ambapo mwanangu angekaa.

Wewe ulipima kwa gunia. Mimi nilikuwa tayari kupima kwa Bosi. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na nitakaa nayo.

Sasa sikiliza, kwa sauti, mwambie Shangazi akusomee akipaza. Jumamosi nakuja kama nilivyosema, na Bosi nakuja naye, mgongoni. Nimeomba ruhusa ya siku nne. Msimamizi alikunja uso, nikamwambia baba yangu anaumwa, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Jumatatu tunakwenda hospitali kubwa, mimi na wewe. Tukitoka huko unakuja kukaa kwangu miezi mitatu, na ukisema banda nitasema banda limefungwa tangu Februari na sote tunajua. Mtaa wangu ni tambarare kama meza, ile yenye miguu yote. Binamu wa mama wa vitabu nimeshaongea naye. Atakuja kila asubuhi, atambeba Bosi na kumwogesha. Nimemwambia kuna mzee ndani ya nyumba, na kwamba jambo lolote la mtoto atamuuliza yeye kwanza. Akauliza kama mzee ni mkali. Nikasema ndiyo.

Mtu anayejaza gunia mchanga kabla ya kumgusa mtoto, huyo ndiye ninayemtaka karibu na mwanangu. Simtaki mwenye mikono miwili asiyefanya hivyo. Mkono mmoja haulei mwana, ni kweli, lakini tukiihesabu yote, wako, ya yule binamu, na yangu ya jioni, tunatosha.

Nisamehe. Nami nimekusamehe, ijapokuwa bado nimekasirika na nitakasirika mpaka Jumapili.

Kigari kikifika usikiguse. Weka tu spana namba kumi na koleo juu ya meza. Tundu la kulia lipo tayari. Wewe utashika waya kwa mkono wako, mimi nitavuta na kukaza, na utanigombeza nikikaza vibaya kama zamani. Halafu tutakwenda sote kwenye lango la kiwanda cha mbao, Shangazi atasimama chini barabarani, na wewe utabana breki kwa mkono wa kulia mpaka niseme basi.

Mchanga usiumwage.

Binti yako